Pumzi na Kiasi

Kiswahili kina neno ambalo wengi hulitamka kila siku bila kulichungulia ndani. Kupumzika kumetoka katika pumzi. Kwa mujibu wa lugha yake mwenyewe, Mswahili anayepumzika ni mtu aliyerudishiwa pumzi zake. Wahindi wa kale waliiita pumzi prana, na kwa jina hilo hilo wakauita uhai. Juu ya msingi huo wakajenga elimu ya kuutunza mwili na moyo: yoga, inayohusu viungo, pumzi na utulivu, na Ayurveda, inayohusu chakula, mafuta, usingizi na mwenendo wa siku. Leo elimu hiyo huuzwa katika miji mikubwa ya dunia kana kwamba imezuka jana. Kwa watu wa pwani ya kusini ya Tanzania, kutoka Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, nusu yake si ngeni hata kidogo. Iliingia jikoni na chumbani zamani, ikakaa hata ikasahau kwao. Nusu ya pili, ile ya pumzi, ndiyo iliyobaki nje ya mlango.

Mikindani ni bandari kongwe, na Mtwara ni mtoto wake. Bandari ya Mtwara ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Kabla ya hapo majahazi yalitia nanga katika hori ya Mikindani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi, Mabaniani, Makhoja na Mabohora, walikuwa wamekwisha kuweka maduka Kilwa, Lindi na Mikindani, wakinunua pembe za ndovu, sandarusi na mpira, na kuuza nguo. Biashara hiyo haikuwa safi yote, kwani fedha za mikopo yao ziligharimia pia misafara iliyoteremsha watumwa pwani.

Pepo za kaskazi zilizowaleta ziliyaleta na maneno. Mengine ni mazito: bepari, ambaye kwa Kigujarati alikuwa mfanyabiashara tu, kuli, gunia, laki. Mengine ni mepesi, nayo yananukia: chapati, achari, kachumbari. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha, Wahindi wengi waliihama Tanzania. Maneno hayakuhama. Wala havikuhama vyungu.

Ayurveda hufundisha kwamba mlo uliokamilika una ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na yenye ukakasi. Kila ladha ina kazi yake mwilini, na ikizidi huleta madhara. Atakayezitafuta Mtwara hatakwenda mbali. Utamu umo katika tui la nazi, na katika ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa na kuchemshwa. Uchachu ni wa ukwaju na maembe mabichi. Chumvi huvunwa katika majaruba ya pwani hiyo hiyo. Ukali ni wa pilipili na tangawizi, na uchungu ni wa majani ya mhogo na mboga za porini. Ladha ya sita, ukakasi, ambayo watu wa nchi nyingi hupata taabu kuieleza, mtoto wa Mtwara huijua tangu anapong'ata bibo la kwanza na kuuhisi ulimi ukikauka na kukunjamana. Bibo hilo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho, au hugeuzwa uraka.

Kuna chakula kimoja ambacho kinatosha kuwa ushahidi wa udugu huu. Kwa Wahindi, mgonjwa anayeanza kupata nafuu, au mtu aliyechoshwa na vyakula vizito, hupewa kichidi, yaani mchele uliopikwa pamoja na choroko au dengu, ukatiwa manjano kidogo na samli. Waswahili huupika mchele na choroko katika chungu kimoja, wakauita mseto. Hakuna aliyehitaji kusoma kitabu cha Kihindi ili ajue kwamba mseto ni mwepesi tumboni. Naye mkulima wa Mtwara huurudisha wema huo bila kujua, kwa kuwa sehemu kubwa ya korosho ghafi za Tanzania kwa miaka mingi imesafirishwa India kubanguliwa, na huko huitwa kaju, zikasagwa katika mchuzi na kutiwa katika halua za sikukuu.

Kama ilivyo jikoni, ndivyo ilivyo chumbani. Mafuta ambayo Ayurveda huyatukuza kwa kukanda mwili ni ya ufuta, na katika majimbo ya kusini ya India ni ya nazi. Ufuta na nazi vyote ni mazao ya Mtwara na Lindi. Bi harusi wa pwani husingwa kwa singo na kupakwa liwa, na bi harusi wa Kihindi hupakwa manjano. Mzazi wa pwani hukaa ndani arubaini, akakandwa kwa maji ya moto na kuleshwa uji wa pilipili manga. Na katika sehemu nyingi za India mzazi hutunzwa muda kama huo, kwa mafuta vuguvugu na vyakula vya tangawizi. Aliyemwiga mwenzake ni nani, hilo ni gumu kulikata, na huenda si la lazima. La maana ni kwamba pande zote mbili za bahari ziliona kuwa mwili wa mwanamke aliyejifungua una haki ya siku za kutofanya kazi.

Hata hivyo, mapokeo hayatakaswi na ukongwe wake. Maji ya moto ya kukandia yamewaunguza wazazi wengi, na kwa aliyepasuliwa ni hatari. Mwarobaini, mti uliotoka huko huko Bara Hindi na kupewa na Waswahili jina la kutibu maradhi arobaini, una mafuta ambayo yamewatia sumu watoto wadogo walionyweshwa. Manjano, yanayosifiwa kuliko viungo vyote, mwili huifyonza kwa shida ile dawa iliyomo ndani yake, na pilipili manga huusaidia kuifyonza. Lakini hayo hayayafanyi kuwa tiba ya kisukari wala ya saratani. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wasagaji nchini Bangladesh walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa rangi yenye risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2004 uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa Boston, Marekani, ulikuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha vidonge vyake kwa sababu ya unga wa kwenye kopo hafuati mila ya Wahindi wala ya Waswahili. Mila zote mbili hufundisha kiasi.

Nusu iliyobaki nje ya mlango ni yoga yenyewe. Jina hilo kwa Kisanskriti latokana na kufunga nira, kama ng'ombe wawili wanavyounganishwa ili wavute pamoja. Hapa vinavyounganishwa ni mwili na moyo. Picha za siku hizi, za watu waliojikunja kama kamba, zimeifanya yoga idhaniwe kuwa ni sarakasi. Ilhali katika kitabu cha Patanjali, chenye kanuni fupi zipatazo 196, kanuni tatu tu ndizo zinazohusu mikao ya mwili. Zilizobaki zahusu mwenendo mwema, pumzi na kuituliza akili. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2014 kwamba tarehe 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO ikaitia yoga katika orodha ya urithi wa wanadamu. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa yoga huwapunguzia kidogo, si sana, maumivu watu wenye mgongo unaouma kwa muda mrefu. Ni faida ndogo, lakini ni ya kweli.

Kwa nini basi haikuingia kama ulivyoingia mseto? Jibu la kwanza ni la dini. Yoga ilizaliwa katika dini za India, na Mwislamu au Mkristo wa Mtwara ana haki ya kuuliza kipi ni mazoezi na kipi ni ibada. Wako wanaofundisha pumzi na kunyoosha viungo bila mantiri yoyote, na kila mtu ataipima kwa dini yake. Lakini liko jibu la pili, ambalo husemwa kwa nadra: mseto hupikwa katikati ya kazi, hali pumzi hutaka kazi isimame.

Kazi ya kusini haisimami kirahisi. Msimu wa korosho unapofika, mwanamke huinama chini ya mikorosho tangu alfajiri, akiokota moja moja. Mbanguaji hukaa saa nyingi amejikunja, na utomvu wa ganda huunguza vidole. Kuli wa bandarini hubeba gunia, maneno mawili yaliyovuka bahari pamoja na chapati, nayo yamemkalia mabegani hadi leo. Hao ndio wenye migongo inayouma, na ndio ambao hakuna aliyewatandikia mkeka. Kumwambia mtu kama huyo anunue manjano ya bei kubwa ili apate afya ni kumdhihaki.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuatia Chakula ni Uhai. Watu wapatao milioni mbili katika ile ya kwanza walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mafunzo yake ni kwamba afya ya kila siku ilikuwa shughuli ya jamaa waliokaa pamoja, wakiwa wamepewa saa ya kukaa. Jikoni mwa Mtwara viungo vipo, mafuta yapo, na ladha zote sita zipo. Yanayokosekana ni yale makubaliano ya nyumba na ya kazini kwamba kila siku, kabla jua halijachwa, aliyeinama anyooke, aketi, avute pumzi polepole na kuishusha polepole zaidi, na asiitwe mvivu. Wazee wa pwani waliukubali mpango huo kwa mzazi, wakampa siku arubaini. Mwokota korosho hajapewa hata robo saa.