Bastola ya baba mdogo

Nimekuwa kimya wiki mbili, lawama zote mpelekeeni mhariri wangu. Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongee bastola.

Swali limetoka nyumbani Mpanda. Baba yangu mdogo ni mnunuzi wa mpunga. Msimu ukifika anashuka Usevya na Majimoto kule Mpimbwe, analala gesti siku nne tano, ananunua magunia, anaukoboa mjini na kuuza mchele. Wakulima wengi wa kule wanataka noti mkononi, kwa hiyo anasafiri na begi ambalo anaamini hakuna anayejua lina nini. Mji mzima unajua. Mwaka huu kuna pikipiki mbili zilimfuata jioni moja porini, zikazima taa, halafu zikageuza. Hazikumfanya kitu. Lakini tangu siku hiyo halali vizuri, na amenipigia simu: "Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti, unajua kuulizauliza. Niambie bastola gani nzuri, ile kubwa, isiyonimaliza mfukoni."

Nikasema shikamoo mara ya pili ili nipate muda wa kufikiri.

Kwa kuwa kuulizauliza ndiyo kazi yangu kweli, nimeuliza. Nilimtafuta askari mstaafu aliyewahi kufundisha shabaha, tukanywa chai mbili, na mengine nimeyasoma mwenyewe.

Kwanza hilo neno "kubwa". Watu wengi wa mjini wanataka bastola ndogo ya kukaa mfukoni bila kuonekana. Baba mdogo kwa bahati yuko sahihi zaidi kuliko wao. Bastola kubwa, yaani ya saizi wanayobeba wanajeshi na polisi, ina mtutu wa inchi nne na nusu hivi na kishikio kinachojaza kiganja. Uzito wake unaizuia isiruke mkononi, na sehemu za kulengea zimeachana vya kutosha kwamba mkono ukitikisika kidogo hukosi kwa mbali sana. Ile ndogo inahitaji mtu wa mazoezi ya kila wiki. Ubaya wa kubwa ni kwamba kuificha ndani ya shati la Mpanda, na joto lile, ni kazi.

Pili, risasi. Hapa mstaafu hakutaka mjadala: tisa milimita, basi. Ni risasi ya Kijerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20 na sasa ndiyo imeenea kuliko zote za bastola duniani. Ukinunua bastola ya bei poa inayokula risasi za ajabu, utabaki na chuma cha kugongea misumari.

Sasa majina. Mkisoma taarifa za polisi kwenye magazeti yetu (mimi nimeziandika nyingi tu) mtakutana na "bastola aina ya Chinese". Mara nyingi hiyo ni nakala ya Tokarev ya Kirusi ya miaka ya 1930. Ngumu, rahisi, inabeba risasi 8, lakini ile ya asili haina kitufe cha usalama, na risasi yake siyo tisa milimita bali 7.62 fupi. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha basi saa nyingi na begi mapajani, hapana.

Browning Hi-Power ya Ubelgiji, ya mwaka 1935, ni bibi mwenye heshima. Risasi 13, mkononi inakaa vizuri sana, na majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola yaliitumia. Shida ni kwamba utakayoipata inaweza kuwa na umri kuliko baba mdogo.

Glock 17 ndiyo kila mtu anaitaja. Jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, mwili wake ni plastiki, magazini inabeba risasi 17, na ikiwa haina risasi haifiki hata robo tatu ya kilo. Inavumilia vumbi na uchafu. Lakini usalama wake upo kwenye triga yenyewe: hakuna kitufe cha pembeni. Kidole kikiingia pale, mchezo umekwisha. Askari aliyefundishwa haoni tatizo. Mfanyabiashara wa mpunga mwenye haraka na woga... mimi naliona.

Taurus PT92 ya Brazil ni ndugu wa Beretta, maana Taurus walinunua kiwanda cha Beretta kule Brazil mwaka 1980. Canik za Uturuki ndizo zinazosifiwa siku hizi kwa thamani ya pesa, na huko Marekani zinauzwa kwa bei ya chini kuliko Glock. Na kuna CZ 75 ya Wacheki, iliyotoka mwaka 1975: chuma kitupu, kilo moja hivi, kitufe cha usalama unachokiona na kukigusa. Ningeambiwa nichague kwa pesa za baba mdogo na kwa mikono ya baba mdogo, ningechukua CZ. Ni nzito, ndiyo. Kwangu hiyo ni sifa: mtu hasahau kwamba anayo.

Jirani mmoja aliposikia habari akasema nunueni, itasaidia na viboko. Jamani! Anayeijua Katavi anajua viboko wanavyorundikana Mto Katuma wakati wa kiangazi, na tembo hawana habari na mpaka wa hifadhi. Risasi ya tisa milimita ina nguvu ya joule 500 hivi. Bunduki ya .375 ambayo wawindaji wa kitalii wanabebea nyati ina zaidi ya 5,000. Ukimpiga kiboko na bastola umemkasirisha tu, na bado mko wawili pale mtoni.

Haya, bei. Mtu anaangalia bei ya dukani anadhani ndiyo gharama. Ongeza ada za leseni, risasi za mazoezi, mkoba wa kiunoni na sefu. Halafu ongeza muda, ambao ndio mrefu kuliko vyote. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mtu haendi dukani na pesa tu. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapita kata, yanakwenda wilayani, mkoani, mpaka makao makuu ya polisi. Unachukuliwa alama za vidole, unatakiwa uonyeshe kwamba umefundishwa kuitumia. Mwaka 2016 wenye silaha walitakiwa kuzipeleka zikahakikiwe upya. Na mwenye silaha akifariki, familia haigawani kama ng'ombe, inakabidhiwa polisi.

Kwetu Katavi hilo faili lina uzito wake. Mkoa ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, lakini hofu ya silaha ni ya zamani. Gobore zimetengenezwa na mafundi wa vijijini miaka yote. Ikaja Operesheni Tokomeza mwaka 2013, ya kupambana na ujangili, ikasimamishwa Novemba mwaka huohuo kwa malalamiko ya mateso na vifo, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza kazi. Septemba na Oktoba 2023 serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu. Kwa hiyo mtu akionekana na bastola Makanyagio, watu hawaulizi kwanza kama ana kibali. Wanasogea mbali.

Kuna jambo lingine ambalo nilimwambia baba mdogo polepole, maana ni mkubwa wangu na siwezi kumhubiria. Novemba 2006, Ditopile Mzuzuri, wakati huo mkuu wa mkoa wa Tabora, jirani zetu kabisa, alimpiga risasi dereva wa daladala Dar es Salaam baada ya magari kugusana. Dereva alikufa. Kesi ilianza kama ya mauaji, ikabadilishwa kuwa ya kuua bila kukusudia, na mwenyewe akafariki Aprili 2008 kabla haijaisha. Yule alikuwa na kibali, cheo, kila kitu. Kilichokuwa kinapita kasi ni hasira. Na Kanuni ya Adhabu inaruhusu kujilinda wewe na mali yako, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Sasa niambieni, zile pikipiki mbili zilizozima taa na kugeuza, kadiri yake ni ipi? Mtu angefyatua pale, leo tungekuwa tunatafuta wakili, na huenda wale walikuwa vijana wawili walioishiwa mafuta.

Baba mdogo alinyamaza. Akasema, "Na wangekuwa si vijana walioishiwa mafuta?"

Sikuwa na jibu la hilo, na sidhani gazeti lolote linalo.

Nilichomshawishi ni kupunguza begi. Pesa za simu zipo Tanzania tangu 2008 na bado nusu ya biashara ya mpunga inatembea kwenye viroba. Mwezi uliopita amelipa theluthi ya wakulima wake kwa simu, wengine kupitia mawakala wa Majimoto. Anasema makato yanamuuma. Nikamwambia apige hesabu ya bastola, leseni, sefu na mafunzo, aigawe kwa misimu mitano, halafu alinganishe na makato. Amepiga. Hajaniambia amepata nini, na kwa mtu anayependa hesabu kama yeye, mimi najua.

Lakini fomu amechukua, msije mkadhani nimeshinda. Aliyekwamisha si mimi wala mtendaji. Ni mama mdogo. Nyumbani kuna watoto sita, na yule wa miaka minne hufungua kila kinachofungwa, mpaka jiko la gesi lilishahamishiwa juu. Mama mdogo hakuuliza Glock wala CZ. Ameuliza ufunguo utalala wapi. Mume wake akasema chini ya mto. Akasema basi hakuna bastola nyumba hii mpaka aione sefu imechimbiwa ukutani, na ufunguo wa pili akae nao yeye.

Jana usiku nimepata ujumbe wa baba mdogo: "Mwanangu, ulizia huko Dar sefu ya ukutani shilingi ngapi, ndogo tu." Jumamosi nakwenda Kariakoo kuulizia.