UKIWEKWA BENCHI, BADO WEWE NI WA YESU?

Asubuhi ya leo nataka kusema nanyi habari ya benchi.

Mei 2007 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia. Usiku wa tarehe 23, taa za bweni zilipozimwa, tulitoroka wanne tukaenda kibanda cha sokoni kutazama fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ilikuwa AC Milan na Liverpool, mjini Athens. Milan walishinda 2-1. Magoli yote alifunga Inzaghi, la pili kwa pasi ya Kaká, yule Mbrazili. Mechi ilipoisha, Kaká alipiga magoti akainua mikono, na fulana yake ya ndani ikatangazia dunia kwamba yeye ni mali ya Yesu. Tulipiga kelele mpaka mwenye kibanda akatutisha. Mwaka huo huo alitajwa mchezaji bora wa dunia.

Fulana ile nimeihubiri miaka mingi. Nimehubiri pia ajali yake ya mwaka 2000, akiwa kijana wa miaka 18: aliumia kwenye bwawa la kuogelea, akavunjika mfupa wa shingo, angeweza kupooza, lakini akainuka. Hapo vijana huitikia Amina kubwa.

Kuna sehemu moja ambayo sikuwahi kuihubiri. Mwaka 2009 Real Madrid walimnunua kwa zaidi ya euro milioni 60. Goti likamsumbua, na Agosti 2010 akafanyiwa upasuaji. Mwezi huo huo klabu ikamsajili kijana Mjerumani, Mesut Özil, aliyecheza nafasi ile ile. Kaká aliporudi, alikuta nafasi ina mwenyewe. Mtu aliyewahi kuwa bora duniani akawa anavaa jezi na kuketi.

Niliiruka sehemu hiyo kwa sababu niliona haina ushuhuda. Mpaka nami nikawekwa benchi.

Wengi wenu mnajua niliugua mgongo, nikakaa nje ya huduma miezi mitano. Mchungaji kijana alishika mimbari. Niliporudi, wazee waliniomba kwa heshima nichukue ibada ya Jumatano jioni. Jumapili nikawa naketi mstari wa pili. Mdomo wangu ulisema Amina, lakini moyoni nilikuwa nikihesabu makosa yake.

Jumapili moja aliita watu watubu, na watu 11 wakaja mbele. Wapendwa, nisiwafiche: nilinuna. Nafsi 11 zinamjia Bwana, na mtumishi wa Mungu amenuna! Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba Imani, watu wameokoka. Wewe umefiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimkumbuka Kaká tena. Mwaka 2013 alirudi Milan, akaumia katika mechi yake ya kwanza. Akaiambia klabu isimlipe mshahara mpaka atakapoweza kucheza. Hakuna kombe hapo, wala kamera za fainali. Ni mtu aliyeumia, anakataa kudai. Nikaona mimi nilikuwa nadai kila kitu: mimbari, makofi, hata nafsi ambazo si mimi niliyezifia msalabani.

Soma Wafilipi 4:11-13. Sisi hupenda kuukimbilia mstari wa 13, lakini Paulo alipitia kwanza darasa la kupungukiwa. Soma pia Yohana 3. Mbatizaji aliona umati ukihamia kwa mwingine, na furaha yake ikatimia.

Jumatatu asubuhi nilimtafuta yule kijana nikamwomba msamaha. Tulilia wote wawili. Sikurudishiwa Jumapili, na sikuomba. Bado nahubiri Jumatano: watu 30, siku ya mvua 12. Mungu yule yule huja.

Ndugu yangu, dada yangu, labda kazini kwako amepandishwa cheo uliyemfundisha kazi. Labda kwaya imepata sauti mpya. Usimchukie aliyesimama mahali pako. Ile fulana ni rahisi kuionyesha siku ya kombe. Je, ukiwa benchini bado umeivaa?

Tuombe: Baba, tuponye wivu uliojificha ndani ya huduma. Tufundishe kushangilia goli ambalo hatukulifunga sisi. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, sema Amina, kisha umpigie simu yule mtu leo. Mbarikiwe.