Kila baada ya siku ngapi unyoe?

Haya wadau, wiki hii tuipumzishe siasa kidogo. Bajeti, katiba mpya na foleni ya Mwenge vitatukuta hapa hapa wiki ijayo. Leo tuongee nywele, na swali lenyewe ni dogo tu: mtu unatakiwa kunyoa kila baada ya siku ngapi?

Ukimuuliza kinyozi yeyote kuanzia Mikocheni A hadi Mwananyamala, jibu ni moja: "Kila wiki, kaka." Sio kwamba anakudanganya. Ila kumbuka vinyozi wengi wa mitaa yetu hawana mshahara. Wanalipwa kwa kichwa, na hela ya kila kichwa wanagawana na mwenye saluni. Sisi waandishi tunaolipwa kwa habari moja moja hesabu hiyo tunaielewa vizuri sana. Anayekula kwa kichwa hawezi kukushauri upotee miezi miwili.

Kwa hiyo tumwache kinyozi, tuziulize nywele zenyewe. Nywele za kichwani hukua kati ya milimita 0.25 na 0.4 kwa siku, na za kipilipili kama zetu kwa kawaida huwa upande wa chini. Tuchukulie milimita 3 kwa siku 10. Sasa kumbuka vile vichana vya plastiki wanavyochomeka kwenye mashine. Namba 1 inaacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 4 kama milimita 12. Maana yake ni kwamba aliyenyoa zero leo, siku ya 10 ana namba 1 kichwani, mtu mwingine kabisa. Aliyenyoa namba 4 ameongezewa robo tu, hata mama yake mzazi hajashtuka. Kanuni ndiyo hiyo: kadiri unavyonyoa chini, ndivyo unavyorudi kwenye kiti mapema.

Twende mtindo kwa mtindo.

Kipara. Watu wanadhani huu ndio mtindo wa mvivu. Wapi! Kipara cha kung'aa kinataka kuguswa kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo kinageuka msasa. Unafuu wake ni kwamba unaweza kujinyoa mwenyewe nyumbani.

Fedi, yaani pembeni chini, juu zimebaki, na mstari wa paji umechongwa kwa rula. Huu ndio unaotawala saluni zote za Barabara ya Mwai Kibaki, ile ambayo wengi bado tunaiita Old Bagamoyo. Uzuri wake wote upo pale pembeni palipo karibu na zero, na ndipo panapoharibika kwanza. Siku ya 7 bado unang'aa, siku ya 10 mstari umefifia, wiki ya pili mchoro umefutika. Ukitaka uonekane fedi siku zote, ni wiki moja, ukijitahidi sana mbili.

Saizi moja kichwa kizima, namba 1 au 2. Wiki mbili hadi tatu. Zinakua zote sawasawa, kwa hiyo hakuna pa kukusaliti.

Afro. Kuipunguza ili isipoteze umbo, wiki 6 hadi 8 zinatosha, kwa sababu nywele zetu hujikunja na kuficha urefu wake. Lakini usifurahi haraka. Afro inataka kuoshwa, mafuta na kitana, na kwa joto letu la Desemba hadi Machi, ukipanda daladala ya mchana utajua kwa nini.

Dredi. Mkasi hauhitajiki, ila mizizi inasokotwa upya kila wiki 4 hadi 6. Wanaokimbilia kusokota kila wiki ili zikae nadhifu ndio ambao baada ya miaka wanaanza kupoteza nywele za paji, maana ngozi inavutwa bila kupumzika. Akina dada wanaosuka za kubana sana wanalijua hili kuliko sisi.

Sasa kuna jambo ambalo kinyozi hakwambii. Kunyoa chini mno na mara nyingi mno kuna madhara kwa watu wa nywele zetu. Unywele wa kipilipili ukikatwa usawa wa ngozi unaweza kujikunja na kurudi ndani, na hapo vipele vinaanza. Vikitokea kisogoni na ukaendelea kuvipitishia mashine kila Jumamosi, kwa wengine vinakomaa na kuwa makovu magumu yasiyoondoka. Wenye ngozi ya namna hiyo madaktari wa ngozi huwashauri waache wembe na wabakize nywele kidogo. Na kuna mapunye, yanayoweza kuhama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa mashine isiyosafishwa. Usione aibu kumwambia, "Kaka, naomba uisafishe hiyo kwanza."

Tuje kwenye mfuko. Tuchukulie fedi ni shilingi 5,000, kila wiki. Wiki 52, hiyo ni 260,000 kwa mwaka. Saizi moja kwa 3,000, kila wiki tatu, ni mara 17 hivi, jumla 51,000. Tofauti inazidi 200,000. Na hapo sijahesabu yule dada anayekuosha kichwa, akakusugua uso na kukukanda mabega, huduma ambayo saluni nyingi za Dar wanaitoza pembeni na ambayo ni vigumu kuikataa ukishalala kwenye sinki.

Kijana mwenye mshahara wa kueleweka, fanya unavyotaka. Mimi nawawazia wenzangu waliomaliza chuo, wanaozunguka na bahasha ya kaki kutafuta kazi. Tunaambiwa tuonekane nadhifu, na unadhifu tumeutafsiri kuwa fedi mpya. Sio kweli. Anayekufanyia usaili haoni mtindo, anaona kama nywele zimetunzwa. Saizi moja ya wiki mbili iliyochanwa ni nadhifu kuliko fedi ya wiki tatu iliyokosa hela ya kurudia.

Na tusisahau umeme. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, ulitufundisha kwamba mwenye fedi hana subira na mwenye afro hana habari. Vinyozi wasio na jenereta walikaa mlangoni wakipunga gazeti. Kwao kila wiki iliyosogezwa ilikuwa kichwa kilichopotea, na kodi ya fremu haisogezwi.

Shuleni ratiba hii hatukuipanga sisi. Mwalimu wa zamu alipita na mkasi, akikukuta nazo anakukata barabara katikati ya kichwa, mengine utamalizia mwenyewe. Ndiyo maana wengi wetu tulipofika chuo tulizifuga kwa hasira. Leo hakuna mwalimu wa zamu, lakini naona tumempa mkasi yule kijana wa kwenye picha ya ukutani saluni.

Ushauri wangu ni mfupi. Kabla hujaonyesha kidole kwenye ile picha, jiulize utaweza kurudi mara ngapi kwa mwezi, halafu chagua mtindo unaolingana na jibu. Na ukirudi mara chache, mwongeze kinyozi wako buku juu ya bei. Naye ana watoto.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hawakusema mnyolewe mtindo mmoja.

Wikiendi njema.