Vyaelea Vimeundwa: Tafakari Kando ya Ziwa la Annecy



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, baadhi yenu mnaojiandaa kwenda hija Ulaya, pamoja na wale wenye watoto na ndugu wanaoishi huko, mmetuuliza mara kadhaa habari za Annecy, mji wa Ufaransa ulio kando ya ziwa, chini ya Milima ya Alpi. Mmetaka kujua kuna nini cha kuona na cha kufanya huko, na kama inafaa mwamini kupoteza siku zake mahali ambapo watu huenda kuogelea na kustarehe. Juma hili tumeona vema tuwajibu nyote kwa pamoja. Tuliishi huko wiki tano, Julai na Agosti mwaka 2019, tukishika nafasi ya paroko mmoja aliyekuwa likizoni, kama wafanyavyo mapadre wengi wa Afrika wakati wa kiangazi cha Ulaya.

Lazima tuseme kwanza tulikwenda na moyo wa namna gani, maana macho huona kadiri ya moyo ulivyo. Tulikuwa tumechoka. Nyuma yetu kulikuwa na miaka mingi ya vikao vya ujenzi, safari za vigangoni wakati wa masika, mazishi, na kusuluhisha magomvi ya ndoa ambayo huanza tena Jumatatu. Swali lililotusumbua wakati ule ni lile linalowasumbua wazazi, walimu na makatekista wengi: kazi isiyoonekana, isiyopimika na isiyoshukuriwa, inajenga nini hasa? Kwa swali hilo ndipo tulipoanza kuuzunguka mji.

Aanze nasi msomaji katika mji wa kale. Mto Thiou, unaotoka ziwani, hupita katikati ya nyumba kwa mifereji yenye maji maangavu, na juu yake yamejengwa madaraja madogo yenye maua. Katikati ya mto huo, juu ya mwamba, limesimama jumba la mawe liitwalo Palais de l'Île, ambalo historia yake inaanzia karne ya 12. Ukilitazama kutoka darajani utadhani ni jahazi lililotia nanga. Hivi leo ni makumbusho, na hakuna jengo linalopigwa picha zaidi yake mjini pote. Lakini kwa nyakati mbalimbali lilikuwa mahakama, kiwanda cha kufulia sarafu, na gereza. Juu yake, kilimani, ipo ngome ya kale ya Makabaila wa Geneva, ambayo nayo ni makumbusho. Atakayefika Jumanne, Ijumaa au Jumapili asubuhi atakuta soko limetandazwa katika vichochoro vya mji wa kale: jibini ya reblochon, asali, matunda na soseji za milimani. Tunawashauri mle viazi vilivyookwa kwa jibini hiyo, chakula kiitwacho tartiflette, ila msile kingi kabla ya kupanda mlima.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi ziwani. Kuna bustani yenye miti mikubwa, uwanja mpana wa majani uitwao Pâquier, na daraja la chuma ambalo wenyeji huliita Daraja la Wapendanao. Ziwa lenyewe lina urefu upatao kilomita 14 na nusu, na liko mita 447 juu ya usawa wa bahari. Boti za abiria hulizunguka, na waogeleaji hulijaza wakati wa joto. Wenye nguvu za miguu hukodi baiskeli na kuzunguka ziwa zima, mwendo wa kilomita 40 hivi. Upande wa magharibi njia hiyo hupita palipokuwa na reli ya zamani, na pale Duingt hupenya katika handaki la treni ambazo hazipiti tena. Wajasiri huruka kwa miavuli kutoka mlimani, kwenye kipito cha Forclaz, wakielea angani kama tai juu ya maji. Sisi tulitosheka kuwatazama.

Sasa tuingie katika kiini cha tafakari yetu. Maji ya Ziwa la Annecy ni safi kiasi kwamba mtu aliye ndani ya boti huona mawe yaliyo chini. Wageni husema, Mungu amewajalia. Ni kweli, amewajalia. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Katika miaka ya 1940 na 1950 ziwa hili lilikuwa linakufa. Hoteli, nyumba na vijiji vya kandokando vilikuwa vikimwaga maji taka humo, na samaki walikuwa wakipungua. Daktari mmoja wa huko, Paul-Louis Servettaz, alipiga mbiu bila kuchoka. Mwaka 1957 halmashauri za miji na vijiji vya kando ya ziwa ziliungana katika chombo kimoja, nazo zikaamua jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni: kulizungusha ziwa lote kwa bomba kubwa la kukusanya maji taka, ili yasiingie ziwani hata kidogo, bali yapelekwe kusafishwa mahali lilipo chini ya mlango wa ziwa. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, ikala fedha nyingi, na ilipokamilika ikafukiwa. Leo mji huo huchota maji yake ya kunywa katika ziwa lilelile.

Waswahili walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tuliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini hatukuwahi kuiona ikisimama mbele yetu kama pale, ambapo boti, waogeleaji na mabata maji vilielea juu ya kazi ya watu ambayo hakuna aliyeiona.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti tulimpelekea Komunyo mzee mmoja mgonjwa, mstaafu aliyekwisha kupita miaka themanini. Kutoka dirishani kwake lilionekana ziwa. Alitusimulia kwamba katika ujana wake alikuwa miongoni mwa vibarua waliochimba mitaro ya bomba lile. Barabara zilifumuliwa, wafanyabiashara walilalamika kuwa wageni wanakimbia, na vibarua walirudi nyumbani wakinuka tope. Tulimwuliza kama haimuumi kuona maelfu wakioga pale bila hata mmoja kujua habari za bomba wala za yeye. Mzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. Akatuambia kwamba siku watu watakapoanza kulizungumzia bomba, Padre, ujue limepasuka.

Ndugu zangu, tumesoma vitabu vingi vya maisha ya kiroho seminarini na baada yake, lakini jibu la mzee yule lilitufaa kuliko kurasa nyingi. Yako matendo ambayo heshima yake ni kutotajwa. Mama aliyewalea watoto wakawa watu wazima wema hatajwi, kwa sababu watoto hawakuharibika. Ugomvi uliosuluhishwa mapema hausimuliwi, kwa sababu haukufika mahakamani. Kumbe kutokuonekana kwa kazi si dalili ya kwamba haijengi kitu. Mara nyingi ni dalili kwamba inajenga vizuri.

Wala si ajabu kwamba somo hilo tulilipata Annecy, maana huo ndio mji wa Mtakatifu Fransisko wa Sales. Alizaliwa mwaka 1567 katika ngome ya Thorens, si mbali na hapo, na mwaka 1602 akawa askofu wa Geneva. Lakini Geneva ilikuwa mikononi mwa Waprotestanti, hivyo alikuwa askofu asiyeweza kukaa katika mji wa kiti chake. Aliliongoza jimbo lake akiwa Annecy hadi kifo chake mwaka 1622. Alipokuwa padre kijana katika nchi ya Chablais, watu walipokataa kuja kumsikiliza, aliandika mafundisho yake katika karatasi zilizosambazwa majumbani. Ndiyo maana mwaka 1923 Papa Pius wa 11 alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi, na sisi tunaoandika kurasa hizi kila juma tunamkimbilia. Katika kitabu chake kuhusu maisha ya ibada, kilichotoka mwaka 1609, alifundisha kwamba utakatifu si mali ya watawa peke yao, bali wa mwanajeshi, fundi, mfanyabiashara na mwenye ndoa, kila mmoja katika hali yake; na alizisifu mno fadhila ndogondogo kama upole, uvumilivu na unyenyekevu, ambazo hazimpatii mtu jina. Tarehe 28 Desemba 2022, miaka 400 baada ya kifo chake, marehemu Papa Fransisko alimwandikia Kanisa barua ya kitume kumkumbuka mtakatifu huyo.

Kwa hiyo anayekwenda Annecy asiishie ziwani. Apande hadi Basilika ya Visitasio, iliyo juu ya mji, yalipohifadhiwa masalia ya Mtakatifu Fransisko pamoja na ya Mtakatifu Yohana Fransiska wa Chantal. Mjane huyo, mama wa watoto, alianzisha pamoja naye Shirika la Visitasio mjini humo mwaka 1610. Tuwakumbushe wana Moyo Mtakatifu wa parokia yetu kwamba Mtakatifu Margareta Maria Alakoki, ambaye kwake ibada ya Ijumaa ya kwanza ilienea duniani, alikuwa mtawa wa shirika hilo huko Paray-le-Monial. Tena katika jimbo la Annecy, mwaka 1838, Padre Pierre Mermier alianzisha Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambao leo wanafanya utume hata kwetu Afrika Mashariki. Maji ya ziwa lile yamefika mbali.

Akiwa na siku zaidi, mgeni avuke upande wa mashariki. Huko Menthon kuna ngome ambamo, kwa mapokeo, alizaliwa Mtakatifu Bernardo, aliyeanzisha nyumba ya kuwapokea wasafiri katika kipito cha Alpi kilicho zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Naye pia mwaka 1923 alitangazwa msimamizi wa wapanda milima. Mbele kidogo ni Talloires, ambako mchoraji Paul Cézanne alilichora ziwa mwaka 1896. Juu ya kijiji hicho lipo pango la mkaa pweke Mtakatifu Jermano, mahali ambapo Mtakatifu Fransisko alitamani kustaafu, asijaliwe. Siku ya mwisho, kama anga ni jeupe, apande mlima Semnoz, mita 1,699, autazame Mlima Mont Blanc ukiwa na theluji yake.

Msidhani lakini kwamba uzuri wa mahali hujilinda wenyewe. Tarehe 8 Juni 2023, katika uwanja wa michezo ya watoto kando ya ziwa hilo, mtu mwenye kisu aliwajeruhi watoto wadogo wanne na watu wazima wawili. Kijana mmoja Mkatoliki, Henri d'Anselme, aliyekuwa akitembea kwa miguu kuyazuru makanisa makuu ya Ufaransa, alimkabili akiwa hana silaha ila mabegi yake. Kwa neema ya Mungu majeruhi wote walipona. Tuliposikia habari hiyo tuliiona ile nyasi na wale watoto tuliokuwa tukiwapita kila asubuhi, tukaelewa kwamba amani nayo huundwa, na mara nyingine huundwa na mpita njia.

Basi, je, inafaa mwamini kwenda kustarehe mahali kama pale? Jibu letu ni ndiyo, tena bila wasiwasi. Kupumzika si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wake kando wapate kupumzika. Aogelee, aendeshe baiskeli, ale jibini. Ila katika starehe yake ajiulize swali moja: ni nani aliyegharimika ili mimi nifurahi hapa? Swali hilo huigeuza matembezi kuwa sala, na mgeni kuwa mtu wa shukrani.

Nanyi msiosafiri, swali ni lenu vilevile. Ziwa la Annecy lina chemchemi iitwayo Boubioz, iliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 80, ambapo maji huingia ziwani bila kuonekana na yeyote aliye juu. Kila familia, kila jumuiya ndogondogo, kila kigango kina chemchemi yake ya namna hiyo. Yupo anayefagia kanisa Jumamosi jioni, yupo anayefua vitambaa vya altare, yupo anayemwogesha mzazi mgonjwa usiku. Injili tunayosomewa Jumatano ya Majivu hutufundisha kusali, kufunga na kutoa sadaka bila kupiga tarumbeta, kwa kuwa Mungu haonyeshwi, yeye huona.

Juma hili mtafuteni mmoja wa watu hao, mkampe mkono. Na kama wewe mwenyewe ndiwe bomba lililofukiwa, usikate tamaa kwa kuwa hutajwi. Watoto wanaogelea.

Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee.