Nilipima Mdomo wa Kidonda

Nakiri: kijana mmoja wa Koboko alikaribia kufa huku mimi nikiandika kwenye faili lake kwamba anapona.

Alikuwa mwendesha bodaboda. Alianguka kwenye barabara ya Arua–Koboko, akavunjika uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi. Juu ya matako, pale mfupa ulipo karibu na ngozi, akapata kidonda cha malazi. Mimi, nesi mjini Arua, ndiye niliyekabidhiwa kukisafisha na kukipima.

Nilishika rula ya karatasi: urefu kutoka upande wa kichwa kwenda miguuni, upana kwa kukatisha, kisha nazidisha. Sentimita 6 kwa 5 zikawa 5 kwa 4, baadaye 3 kwa 3. Namba zile zilinifurahisha. Fomu ya PUSH niliyojaza kufuatilia uponaji wa kidonda, yenye alama 0 hadi 17, hujumlisha eneo, majimaji na aina ya nyama, kina hakimo. Lakini siilaumu fomu. Kijiti cha pamba safi kilikuwepo, na nilijua namna ya kukipitisha taratibu chini ya kingo. Sikukigusa, kwa sababu jibu nililolitaka nilikuwa nalo tayari.

Mama yake, aliyekuwa akimgeuza usiku na mchana, aliniambia, "Sista, harufu imebadilika. Na shuka linalowa zaidi."

Nikamwonyesha namba. Akanyamaza, kwa kuwa mwenye sare ni mimi.

Homa ilipopanda, daktari aliingiza kijiti, kikazama karibu chote kuelekea kiunoni. Juu ngozi ilikuwa inafunga. Chini usaha ulishachimba pango hadi mfupani. Kilipopasuliwa, kidonda kikawa kikubwa kuliko siku ya kwanza. Kijana alipona, lakini baada ya miezi mingi, na mbuzi wa familia waliishia kwenye dawa.

Nilimfuata Mama huko Koboko, nikamwambia wazi kwamba alisema kweli na mimi sikumsikiliza. Hilo linaniuma kuliko hata kile kijiti.

Siku hizi namuuliza kwanza anayemgeuza mgonjwa. Kisha napima urefu, upana, kina na pango, nikiandika limeelekea wapi kwa uso wa saa: namba 12 kichwani, 6 miguuni. Manesi wenzangu, eneo likipungua huku majimaji na harufu vikiongezeka, msimpongeze mgonjwa. Tafuteni pango.