Rimoti ya Gari na Mkeka wa Watoto

Dada zetu, hasa ninyi mabiharusi mnaofuata waume bara kama sisi tulivyokuja Nachingwea, jua la huku la Oktoba si mchezo, basi Baba Watoto akafunga mwenyewe kifaa cha kuwasha gari kwa rimoti, tulikute limeshapoa.

Mwanzo liliwaka na kuzima papo hapo. Hilo dogo: gari halikuiona chipu ya ufunguo.

Kilichotutisha ni siku liliporuka kuelekea mkeka wa watoto. Alhamdulillah, walikuwa ndani wanakula. Gari letu ni la gia, liliachwa kwenye namba 1, na swichi ya klachi inayolizuia kuwaka bila kukanyagwa ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya!

Lenu likiwa na kifaa hiki, toeni gia, vuteni handibreki, fungueni boneti, simameni pembeni, kisha bonyezeni rimoti. Likiwaka boneti ikiwa wazi, halijafungwa sawa. Na kwenye banda lililofungwa msiliwashe kabisa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Baba Watoto amenuna kidogo. Rimoti iko kabatini chini ya kanga, mpaka fundi umeme aje kutoka Masasi.