Kupanda na Kushuka Jebel Shams



Kila nikiwahadithia wanafunzi habari za miaka yangu minne ya kusomesha Nizwa, nchini Oman, swali lao huwa hilo hilo: "Ustadh, ulifika kileleni?" Leo nitalijibu, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Kisiwa chetu hakina mlima. Hata kilima cha Masingini hakifiki mita 150. Nilipoanza kazi Oman mwaka 2014, siku za mapumziko zilikuwa Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa ilikwenda kwa sala, kufua nguo na kupiga simu nyumbani. Jumamosi nilikaa chumbani na upweke wangu. Mwalimu mmoja wa hesabu, Mwomani wa makamo ambaye mama yake alizaliwa Unguja, aliliona hilo. Akanambia kwa Kiswahili safi: "Mwanangu, ukijifungia ndani utaugua. Kesho twende mlimani." Kwa umri wake nikawa namwita Ami.

Safari zetu za mwanzo zilikuwa za Jebel Akhdar. Unapita Birkat al Mouz, askari wanakagua gari, maana yanayoruhusiwa kupanda ni ya 4x4 tu. Kisha barabara inapanda mpaka uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Huko nilistaajabu. Watu wamechonga mashamba kama ngazi ubavuni mwa jabali, na maji huyafikia kwa mifereji iitwayo falaj. Wanalima makomamanga na mawaridi. Ikifika Aprili mawaridi huchumwa na kupikwa, yakatoka marashi kama yale tunayonyunyiziwa kwenye maulidi.

Tukipanda, Ami husema "Allahu Akbar." Tukishuka, husema "Subhanallah." Ndivyo walivyokuwa wakifanya Masahaba safarini. Mimi hilo nililisoma madrasa tangu udogoni, lakini sikupata kulitumia, kwani nilikuwa sina pa kupanda.

Januari 2016 tukaazimia Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman. Kilele chake cha juu kabisa kina kituo cha jeshi na raia haruhusiwi. Wapandaji huishia kilele cha kusini, chenye mita 2,997. Ami aliniagiza nichukue lita nne za maji. Nilichukua mbili ili mkoba uwe mwepesi, na sikumwambia.

Tulianza saa moja asubuhi kwa baridi kali, tukifuata alama za rangi zilizopakwa kwenye mawe. Chini yetu lilikuwa bonde la Wadi Nakhr, lenye kina ambacho ukilichungulia magoti yanalegea. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo maji yangu yalivyopungua. Adhuhuri ikatukuta njiani. Ami akasema, "Tutayamamu, maji haya ni ya kunywa." Mimi nikajiona mtu wa madrasa. Vipi nitayamamu na maji ninayo mkononi? Nikatawadha, nikabakiwa na mafunda mawili tu.

Haikupita nusu saa mguu ukanikakamaa kama ubao, kichwa kikaniuma, nikaanza kupepesuka. Ami alifungua mkoba wangu, akaziona chupa tupu. Hakunigombeza. Alinipa maji yake, akatazama kilele, kisha akatazama saa.

"Tunarudi," akasema.

"Ami, tumeshakaribia! Kilele kile pale."

"Nakiona. Mlima hautahama, mwanangu. Lakini giza likitukuta kwenye mawe haya, mama yako nitamwambia nini?"

Nililia, siwafichi. Yeye naye alikuwa na hamu ya kufika, na aliacha kwa ajili yangu. Tukashuka polepole, nimemshika bega. Kila hatua alisema "Subhanallah" kwa sauti, mpaka na mimi nikaitikia. Tulifika garini jua likizama.

Njiani kurudi Nizwa aliniambia: "Leo umekataa ruhusa mbili, ya kutayamamu na ya kurudi. Mola ametupa ruhusa kwa kuwa anatujua. Wewe ulitaka kujionyesha una nguvu kuliko ulivyoumbwa." Sikuwa na jawabu.

Mkataba wangu ulikwisha mwaka 2018. Tulipanda milima mingine, lakini Jebel Shams hatukuijaaliwa tena. Basi jibu lenu ni hili: sikufika. Nilirudi mzima, na mama yangu alinipokea uwanja wa ndege akanikumbatia.

Ndugu zangu wanafunzi, wako miongoni mwenu ambao mwaka huu watarudia darasa, na wengine ustadh atawarudisha juzuu moja nyuma ili hifadhi yao ikae sawa. Najua inauma. Msidanganye kuwa mko tayari, kama mimi nilivyoficha chupa zangu. Semeni mapema mlichopungukiwa, mpate kusaidiwa. Na nyinyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na habari ya kurudishwa nyuma, mpokeeni vizuri kabla hamjamuuliza kwa nini.

Siku hizi nikipanda ngazi za skuli nasema "Allahu Akbar." Nikishuka nasema "Subhanallah," na hapo humkumbuka Ami.

Wabillahi tawfiq.